MWANA WA MHUNZI NA TONE LA MAFUTA
(Maisha ya Michael Faraday, 1791–1867)

Ukimtajia mwanafunzi yeyote wa Fizikia jina la Michael Faraday, jibu ni moja tu: umeme! Wala hajakosea. Mwaka wa 1831 bwana huyu ndiye aliyegundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hutiririka katika waya huo, na jenereta zetu zote zilizaliwa hapo. Lakini makala haya hayaendi upande huo. Walimu wetu wa Fizikia wameshatushibisha nao (watuwie radhi). Nataka tumwone Faraday mwingine, yule aliyesumbuliwa kwa karibu miaka arobaini na swali ambalo sisi hulijibu kwa sentensi moja katika mtihani kisha tukalisahau: kwa nini kitu kile kile kiwe kigumu leo, kesho kimiminike kama maji, na keshokutwa kipae kama hewa?

Kabla hatujaingia ndani, tukubaliane maneno. Kitu kigumu kama jiwe, chumvi au barafu tutakiita yabisi. Kinachomiminika kama maji au mafuta ni kiowevu. Kile kisichoshikika, kinachotawanyika hadi kijaze chombo chote, ni gesi. Maji tunayajua katika hali zote tatu, na hakuna anayeshangaa mvuke wa chai ukigonga kifuniko cha sufuria na kurudi chini matone. Kitendawili kilikuwa ni gesi zenyewe. Faraday alipokuwa kijana, watu wengi wenye elimu walidhani kwamba mvuke ni kitu kimoja na gesi ni kitu kingine kabisa. Mvuke ukipoa hurudi kuwa kiowevu, lakini gesi, eti, imeumbwa gesi na itabaki gesi.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, lakini mhunzi mwenye afya mbovu. Siku za kufua chuma zilikuwa chache, za kulala kitandani nyingi. Mwaka wa 1801 chakula kilipopanda bei, mtoto Michael alipewa mkate mmoja tu na akaambiwa huo ni wa wiki nzima. Hebu fikiria, wewe unayelalamikia githeri ya bwenini! Shule alipata ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi hata siku moja, na hisabati ngumu hazikumwingia hadi anakufa.

Mwaka wa 1804, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, aliajiriwa na muuza vitabu aliyeitwa George Riebau kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata akaanza kufunzwa kazi ya kujalidi vitabu, mafunzo ya miaka saba. Mungu si Athumani. Riebau hakuwa tajiri mwenye roho ya korosho. Alimruhusu kijana kuvisoma vile vitabu alivyoletewa kuvifunga. Hapo ndipo Faraday alipokutana na kitabu cha Kemia cha Bi. Jane Marcet, kilichoandikwa kwa njia ya mazungumzo kwa wasomaji wasio wataalamu. Hakukubali neno lolote lililoandikwa humo mpaka alijaribu mwenyewe, kwa kadiri ya senti zake. Kulikuwa na mihadhara ya sayansi mjini, kiingilio shilingi moja, na aliyemlipia ni kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi kama baba yao.

Mnamo 1812 mteja mmoja wa dukani, Bwana William Dance, alimpa tikiti za mihadhara minne ya Sir Humphry Davy. Davy ndiye aliyekuwa nyota ya Kemia Uingereza nzima, na alifundisha katika taasisi iitwayo Royal Institution, Mtaa wa Albemarle. Kijana alikaa juu kabisa ukumbini akaandika kila kitu, akachora na vyombo, kisha akaenda nyumbani akavijalidi vidokezo vyake vikawa kitabu cha kurasa mia tatu hivi. Kitabu hicho akamtumia Davy mwenyewe. Kumbe ujuzi wa kushona kurasa nao una siku yake! Nafasi ilipotokea, kwa sababu msaidizi aliyekuwapo alifukuzwa kwa kupigana, Davy alimkumbuka. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliingia kazini kwa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili juu ya jengo, makaa na mishumaa.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Davy alianza safari ya Ulaya na kumchukua Faraday. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, ila Napoleon aliwapa ruhusa ya kupita. Safari hiyo ilikuwa tamu na chungu. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri dakika ya mwisho, hivyo Faraday akaombwa ashike kazi zake, na mkewe Davy akaona hapo ndipo mahali pake hasa: akale na watumishi. Lakini huko Paris Faraday aliona kitu. Wafaransa walimwonyesha Davy unga mweusi unaong'aa uliopatikana katika majivu ya magugu ya baharini. Ukiupasha moto hauyeyuki mbele ya macho yako. Unapaa moja kwa moja na kuwa moshi wa rangi ya zambarau, na moshi huo ukigusa mahali baridi unarudi kuwa vipande vyeusi. Ni ile iodini tuliyoonyeshwa katika maabara yetu, tukapiga makelele hadi mwalimu akakasirika. Yabisi ikawa gesi bila kupitia kiowevu! Faraday alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na alikuwa pale pale Davy alipokuwa akiichunguza.

Sasa tufike kwenye lile tone. Ilikuwa mapema mwaka 1823, majira ya baridi kali London. Klorini, ile gesi ya kijani-njano yenye harufu ya kukaba koo, ikipitishwa katika maji ya baridi hufanya fuwele kama barafu. Davy alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba fuwele hizo si klorini tupu bali ni klorini na maji pamoja. Faraday alianza kuzichunguza fuwele hizo, na Davy akamshauri azitie katika mrija wa kioo, auzibe mrija pande zote kwa moto, kisha auchemshe. Davy hakumwambia anatarajia nini.

Faraday akafanya hivyo. Fuwele ziliyeyuka, na ndani ya mrija kukatokea viowevu viwili visivyochanganyika: kimoja chepesi kama maji, na chini yake kingine kizito, cha manjano, kama mafuta. Siku hiyo akaingia rafiki wa Davy, Daktari Paris, akautazama mrija. Akamkemea Faraday kwa mzaha: mtaalamu gani huyu anayefanyia majaribio katika mirija michafu yenye mafuta? Faraday hakubishana. Daktari alipoondoka alichukua tupa akaukereza mrija ili autoe uchafu huo. Puu! Mrija ukalipuka na yale mafuta yakatoweka yote, pakabaki harufu ya klorini. Kesho yake asubuhi Daktari Paris alipokea kijibarua kifupi kutoka kwa Faraday kikimjulisha kwamba mafuta aliyoyaona jana yalikuwa ni klorini iliyogeuka kiowevu.

Ilikuwaje? Tuseme tu kwamba ile gesi ilijikaba yenyewe. Fuwele zilipopata moto ziliachilia klorini nyingi, nayo haikuwa na pa kukimbilia kwa kuwa mrija umezibwa. Chembe zikasongamana, shinikizo likapanda, hadi zikashikana na kuwa kiowevu. Mrija ulipofunguliwa shinikizo likaondoka, na kiowevu kikaruka kuwa gesi kufumba na kufumbua. Jambo hili unalo jikoni, ndugu msomaji. Tikisa mtungi wa gesi ya kupikia uliojaa nusu, utasikia kitu kikicheza ndani kama maji. Ni gesi iliyoshindiliwa ikawa kiowevu, na ukifungua vali inarudi kuwa gesi na kukimbilia kwenye jiko.

Faraday hakuishia kwenye klorini. Aliukunja mrija ukawa kama kiwiko, upande mmoja akautia moto, wa pili akauzamisha katika barafu, na gesi ikahamia upande wa baridi ikiwa kiowevu. Katika majuma machache alikuwa amezigeuza hivyo amonia, kaboni dayoksaidi, gesi ya salfa dayoksaidi, pamoja na ile gesi inayonuka kama mayai viza, na nyinginezo. Hatari yake haikuwa ya mchezo. Mirija ililipuka mara kwa mara. Mwezi huo wa Machi mmoja ulirusha vipande vyake kama risasi hadi vikatoboa dirisha, na macho yake yakaumia hata akashindwa kufanya kazi kwa siku kadhaa. Aliponea chupuchupu asiwe kipofu. Miwani ya kujikinga tunayoipuuza sisi, yeye hakuwa nayo.

Lakini kilichomuuma zaidi si vioo. Faraday alipoandika taarifa ya ugunduzi huo ili isomwe mbele ya Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, Davy aliongeza maneno yake humo akieleza kwamba yeye ndiye aliyependekeza jaribio lile na kwamba alikuwa amewaza matokeo yanayoweza kutokea. Yaani tone ni la nani? La aliyetoa wazo, au la aliyeushika mrija na kupasukiwa usoni? Wakati huo huo kulikuwa na minong'ono kwamba Faraday aliwahi kuiba wazo la mtu mwingine kuhusu umeme mwaka 1821. Kwa mtu wa nyumba ya mhunzi, asiye na shahada, asiye na jamaa wakubwa, jina safi lilikuwa ndiyo mali yake yote. Rafiki zake walipompendekeza awe mwanachama wa Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama, alimtaka aliondoe jina lake. Faraday alijibu kwamba si yeye aliyelipeleka, hivyo hawezi kuliondoa. Basi aombe waliolipeleka waliondoe? Akasema anajua hawatakubali. Tarehe 8 Januari 1824 kura zilipigwa, na ni moja tu iliyompinga. Kura ilikuwa ya siri, kwa hiyo kila mtu na awaze lake.

Mimi ninampenda Faraday kwa alichokifanya baada ya hapo. Angeweza kupigania tone lake hadi mwisho. Badala yake aliingia katika majarida ya zamani akatafuta nani mwingine aliyewahi kujaribu, na mwaka 1824 akachapisha historia fupi ya jambo hilo. Humo alionyesha wazi kwamba mtu mmoja aliyeitwa Northmore alikuwa ameshindilia klorini ikawa kiowevu mnamo 1805 na 1806, na watu wakasahau. Kwa hiyo si Davy aliyetangulia, wala si yeye! Kuhusu Davy, aliyefariki 1829, hakuacha kumtaja kwa heshima kama mwalimu wake. Ila kuhusu jaribio lile alishikilia hadi baadaye kwamba kama Davy alikuwa na matarajio, hakumwambia.

Kazi ziliendelea. Mwaka wa 1825 alichunguza kiowevu kilichobaki katika mitungi ya gesi ya taa, akakitenga sehemu sehemu kwa kukichemsha na kukigandisha, akapata kitu kipya kigandacho kwenye nyuzi 5 na nusu hivi. Leo twakiita benzini (si petroli, jamani!), na viwanda vya dawa na rangi vinamshukuru.

Mnamo 1833 alikumbana na jambo la ajabu zaidi. Alikuwa akipitisha umeme katika maji. Maji yalipoganda, umeme ukakata. Hata utando mwembamba wa barafu ulitosha kuuzuia. Mtu mwingine angesema barafu ndivyo ilivyo, akaendelea na shughuli zake. Faraday alichukua chumvi za aina nyingi, akaziyeyusha kwa taa moja baada ya nyingine. Zikiwa yabisi, sindano ya kipimo hailegei. Zikiyeyuka tu, sindano inaruka na chumvi inaanza kuvunjika ikatoa metali upande mmoja. Alielewa kwamba katika yabisi chembe zimefungwa mahali pake, na zikiyeyuka zinapata ruhusa ya kutembea na kubeba umeme. Ni kutokana na kazi hiyo kwamba Kemia ilipata maneno ioni, anodi na kathodi. Na sufuria ya nyumbani kwenu pia inamdai Faraday shukrani, kwa kuwa tangu 1886 aluminiamu hupatikana kwa kupitisha umeme katika madini yaliyoyeyushwa. Yakiachwa yagande, hakuna sufuria.

Alifanya kazi mno hadi akili ikachoka. Karibu mwaka 1840 kichwa kilimzunguka, kumbukumbu zikampotea, na mkewe Sarah, aliyemwoa mwaka 1821, ikabidi ampeleke Uswisi apumzike. Hawakujaliwa watoto. Msaidizi wake maabarani alikuwa Charles Anderson, sajini mstaafu, mtiifu kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Faraday alisahau kumwambia aende nyumbani, na asubuhi akamkuta bado anachochea tanuri.

Mwaka 1844 wawili hao walizirudia gesi. Safari hii palikuwa na pampu za kushindilia, na baridi ambayo haikuwahi kutumiwa hivyo: kaboni dayoksaidi iliyoganda ikachanganywa na etha, kisha hewa ikanyonywa juu yake, na halijoto ikashuka hadi nyuzi 110 chini ya sifuri. Gesi baada ya gesi zilisalimu amri. Nyingine zilipita hata kiowevu zikawa yabisi nyeupe. Lakini hidrojeni, oksijeni, naitrojeni na chache nyingine zilikataa katakata. Naitrojeni aliishindilia mara 50 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Wapi! Aliandika hivyo hivyo mwaka 1845, bila kuficha, akaongeza dhana yake: pengine kuna kiasi fulani cha joto ambacho gesi ikiwa juu yake, hata uishindilie vipi haigeuki, na baridi yake yeye bado haijatosha.

Alikuwa sawa kabisa. Mwaka wa 1869 Thomas Andrews wa Belfast alithibitisha kwamba kila gesi ina mpaka wake. Wa kaboni dayoksaidi ni nyuzi 31. Wa oksijeni, kama ulivyokuja kupimwa, ni nyuzi 118 hivi chini ya sifuri. Angalia tena hapo juu Faraday alifika wapi. Nyuzi nane tu!

Mnamo 1850 aliwaonyesha watu mchezo ambao kila mwenye friji anaujua: vipande viwili vya barafu inayoyeyuka vikigusana vinashikana vikawa kimoja, hata ndani ya maji ya vuguvugu. Alisema barafu ina utando mwembamba wa maji juu yake, na utando huo ukibanwa katikati ya barafu mbili unaganda. Wataalamu walibishana naye miaka mingi.

Na watoto hakuwasahau. Kila Krismasi Royal Institution iliandaa mihadhara ya vijana, naye aliitoa mara 19 kati ya 1827 na 1860. Ule maarufu kuliko yote ulikuwa juu ya mshumaa, wa mwisho aliotoa. Alisema mshumaa una hali zote tatu kwa wakati mmoja: nta yabisi chini, kisima kidogo cha nta iliyoyeyuka juu, na mvuke wa nta katikati ya mwali, na huo mvuke ndio unaowaka. Stima ikikatika leo usiku, zima mshumaa kisha upeleke kiberiti kwenye ule moshi mweupe unaopanda. Mwali utashuka kwenye moshi na kuuwasha utambi bila wewe kuugusa. (Si bwenini, tafadhali.)

Alikataa kuwa rais wa Royal Society, akasema atabaki Michael Faraday hivi hivi. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na hapo ndipo alipofariki tarehe 25 Agosti 1867, ameketi kitini. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, kimya kimya kama alivyotaka.

Zile gesi kaidi zilianza kusalimu amri miaka kumi baadaye. Matone ya kwanza ya oksijeni yalionekana 1877. Hidrojeni ikabaki hadi Mei 1898, na aliyeiweza alikuwa James Dewar, katika jengo lile lile la Mtaa wa Albemarle, kwenye baridi ya nyuzi 253 hivi chini ya sifuri. Alipata sentimita 20 za ujazo, yaani vijiko vinne vya chai.